SHINYANGA: NCHI ILIYOFUNGA NGITILI

Mwezi huu tunasafiri kwenda Usukuma. Tutaanzia Shinyanga mjini na kuishia Maswa. Hii si safari ya kutazama miji. Ni safari ya kutazama miti, nyasi na viumbe wanaoishi katika ardhi ya wakulima. Tutaona jinsi nchi iliyobaki wazi kama kiganja cha mkono ilivyopata miti tena. Tutaona pia jambo linaloweza kuiondoa miti hiyo kwa mara ya pili.

NJIANI

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, nchi ni tambarare pande zote mbili. Hapa na pale kuna vilima vya mawe makubwa yaliyopandana. Mibuyu imesimama mmoja mmoja katikati ya mashamba. Nyumba nyingi zimezungushiwa ua wa minyaa. Baada ya muda unafika Maganzo. Jirani na hapo ni Mwadui, mahali ambapo almasi iligunduliwa mwaka 1940. Mbele zaidi ni Mwigumbi. Hapo barabara inagawanyika. Moja inaendelea Mwanza. Nyingine inakwenda Maswa na Bariadi. Sisi tunashika hiyo ya Maswa.

Nilipita njia hiyo mwezi wa Septemba. Huo ni mwezi wa kiangazi kikali. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Mashamba yalikuwa matupu, na upepo ulikuwa unainua vumbi. Makundi ya ng'ombe yalikuwa yanatembea polepole kutafuta maji. Mbavu zao zilihesabika.

Lakini katikati ya ukame huo, niliona vipande vya ardhi visivyofanana na vingine. Vilikuwa na miti mingi, hasa migunga. Chini ya miti kulikuwa na nyasi ndefu zilizokauka zikiwa zimesimama. Hakukuwa na uzio wa waya. Hakukuwa na ukuta. Hata hivyo ng'ombe wenye njaa walipita kando, na wachungaji wao waliwazuia wasiingie.

Kipande cha namna hiyo ndicho kinachoitwa ngitili.

NGITILI NI NINI?

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho linalofungwa kwa makusudi. Mvua zikianza kunyesha, kwa kawaida mwezi wa Novemba, mwenye eneo huzuia mifugo isiingie. Nyasi huota, hukua na kutoa mbegu. Miche ya miti nayo huota bila kukanyagwa wala kutafunwa. Wakati huo mifugo hulishwa mahali pengine, kwa sababu majira ya mvua malisho ni mengi.

Kiangazi kikifika, malisho ya nje huisha. Hapo ngitili hufunguliwa. Watu waangalifu hawaifungui yote kwa siku moja. Huigawa katika sehemu. Mifugo humaliza sehemu ya kwanza, kisha huingia sehemu ya pili. Kwanza huingizwa wanyama wanaohitaji zaidi. Hao ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai wa kulimia.

Ngitili ni ghala. Tofauti yake na ghala la nafaka ni kwamba chakula kinachowekwa humo ni cha mifugo.

Kuna ngitili za aina mbili. Ya kwanza ni ngitili ya kijiji, shule au kikundi. Ya pili ni ngitili ya kaya, yaani mali ya familia moja. Ngitili za kaya nyingi ni ndogo, lakini ndizo nyingi zaidi kwa idadi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulihesabu ngitili 18,607 katika vijiji 172. Kati ya hizo, 284 tu ndizo zilikuwa za watu wengi kwa pamoja. Zilizobaki zote zilikuwa za mtu mmoja mmoja au familia.

Hesabu hii inatufundisha jambo moja. Miti ya Usukuma haikurudi kwa sababu ya msitu mkubwa wa Serikali. Imerudi kwa sababu ya maelfu ya watu, kila mmoja akitunza kipande chake.

MITI ILIKWENDA WAPI?

Wazee wa Shinyanga wanajua kwamba nchi yao zamani ilikuwa na pori. Pori hilo liliondokaje? Sababu zake ni nyingi.

Sababu ya kwanza ni mbung'o. Mbung'o ni inzi anayeuma na kueneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Hupenda kukaa kwenye vichaka vyenye kivuli. Katika miaka ya 1920 hadi 1940, wakati wa ukoloni wa Waingereza, watu waliongozwa kufyeka pori katika maeneo makubwa ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Mbung'o walipungua. Ng'ombe waliongezeka. Lakini miti ilikwisha.

Sababu ya pili ni mashamba. Pamba ilileta fedha, na watu walifyeka ardhi zaidi ili walime zaidi. Watu waliongezeka. Mahitaji ya kuni na miti ya kujengea nayo yaliongezeka.

Sababu ya tatu ni kuhama. Mwaka 1974 na 1975, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi zilihama kutoka matongo yao na kwenda kuishi pamoja vijijini. Huduma kama shule na zahanati zilikaribia. Lakini ngitili za zamani zilibaki mbali na macho ya wenyewe. Kitu kisicho na mlinzi hakikai. Watu walikata miti, wakaingiza mifugo, wakalima.

Ilipofika miaka ya 1980, sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa wazi. Upepo ulichukua udongo wa juu. Mvua ilichimba makorongo. Katika nyumba nyingi watu walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na miti ya pamba. Mavi ambayo yangekwenda shambani kama mbolea yalikwenda jikoni. Kwa hiyo shamba nalo lilikosa chakula chake.

MWAKA 1986

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kwa kifupi uliitwa HASHI. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 2004.

Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo bustani za miche na kupanda miti. Miche mingi ilipata taabu. Mvua ya Shinyanga ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, na mara nyingi hainyeshi kwa mpango. Mche unahitaji maji, na maji hayatoshi hata watu.

Kisha wataalamu walikaa na wananchi na kuwauliza: "Zamani ninyi mlikuwa mnafanyaje?" Wananchi walijibu: "Tulikuwa na ngitili."

Ardhi iliyoonekana tupu haikuwa imekufa. Chini yake kulikuwa na visiki vyenye uhai na mizizi ya miti ya zamani. Kulikuwa na mbegu pia. Mbuzi na ng'ombe hula maganda ya migunga, na mbegu nyingi hutoka katika mavi yao zikiwa nzima, tayari kuota. Kilichokosekana ni kupumzika. Ardhi ilipofungwa, visiki vilichipua.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Hekta 1 ni karibu sawa na eka 2 na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wakati huo Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa kuliko sasa. Mwaka 2012 uligawanywa. Maswa, Meatu na Bariadi sasa ziko Mkoa wa Simiyu, na Bukombe iko Mkoa wa Geita.

Nani alilinda ngitili hizo? Wananchi wenyewe. Sheria za kijiji zilitungwa, na mkutano wa kimila uitwao dagashida uliamua makosa na faini. Sungusungu walizunguka kulinda. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alilipa. Ndiyo maana nilisema hakukuwa na uzio wa waya. Uzio wa ngitili ni makubaliano ya majirani.

KIKAO CHINI YA MKWAJU

Katika kijiji kimoja baada ya Mwigumbi nilikuta watu wamekaa chini ya mkwaju. Nilisalimia: "Mwangaluka." Waliitikia na kunipa kigoda. Kilikuwa kikao cha familia. Baba wa nyumba hiyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha mke, watoto wanne na ngitili ya eka 8. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeongoza kikao. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa shahidi.

Mtoto wa kwanza alisimama. Alisema:

"Baba mdogo, mama, nanyi wadogo zangu. Mimi nina watoto watano. Nina deni la mbegu na dawa za pamba. Ngitili ya baba ina miti mikubwa. Naomba tuikate, tuchome mkaa, tulipe madeni. Kisha tugawane ardhi, kila mtu alime sehemu yake."

Hakuna aliyemcheka. Deni halichekwi. Baba mdogo alimpa nafasi binti, ambaye ni mtoto wa tatu.

"Kaka," alisema, "ninakuheshimu. Lakini kumbuka kiangazi cha mwaka jana. Ng'ombe wa jirani zetu walianguka, wakainuliwa kwa kushikwa mkia. Wetu walisimama wenyewe. Wale maksai uliolimia Novemba walikuwa wamekula wapi?"

Kaka yake hakujibu. Kisha mama aliomba kusema. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

"Wanangu, nilipoolewa hapa hapakuwa na mti. Nilipikia mavi ya ng'ombe. Nilipikia miti ya pamba. Moshi wake macho yangu yanaujua mpaka leo. Siku ya kutafuta kuni tulitoka alfajiri, tukarudi jua limepinda. Baba yenu alifunga ngitili hii ninyi mkiwa wadogo. Watu walimwambia anaficha ardhi. Yeye alinyamaza. Leo naokota kuni kabla chai haijachemka. Mkiikata, mtakaorudi katika safari ile si ninyi wanaume. Ni wake zenu na binti zenu."

Watu walikaa kimya. Baba mdogo alichora chini kwa fimbo. Alichora mraba, akaukata mara nne.

"Tazameni. Eka 8 ni malisho. Mkizigawa kwa watoto wanne, kila mmoja anapata eka 2. Eka 2 si malisho. Ng'ombe akiingia asubuhi, kabla ya mchana ametokea upande wa pili. Lakini deni la mwanangu huyu nalo ni la kweli. Hatuwezi kumwambia ale kivuli cha miti."

Walizungumza mpaka jua likawa kichwani. Mwishowe walipatana mambo matano. Binti aliyaandika katika daftari la shule:

1. Ngitili haitagawanywa. Ni mali ya mama na watoto wote wanne.

2. Itafungwa mvua ya kwanza ikinyesha. Haitafunguliwa kabla ya mwezi wa Agosti.

3. Mti mbichi hautakatwa bila kikao. Kuni ni matawi makavu.

4. Eka 1 iliyo upande wa mbugani italimwa na kaka mkubwa kwa miaka 3. Eka 7 zitabaki zimefungwa.

5. Dume moja la ng'ombe litauzwa ili kulipa sehemu ya deni.

Binti aliwasomea wote. Kila mmoja alitia sahihi. Mtoto wa kwanza hakuonyesha furaha, lakini alitia sahihi. Mama alijifunza kuandika katika darasa la elimu ya watu wazima. Alikataa wino wa kidole. Aliandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja. Watu walimngoja.

KWA NINI KIKAO KILE NI MUHIMU?

Vikao vya namna hiyo vinafanyika kila mahali Usukuma. Wale waliofunga ngitili katika miaka ya 1980 na 1990 sasa ni wazee, na wengine wamefariki. Ngitili zao zimo mikononi mwa watoto. Mbung'o hayupo tena wa kusingiziwa. Hatari ya leo ni mgawanyo wa urithi, mkaa, na shamba jipya.

Ngitili huchukua miaka mingi kuwa na miti mikubwa. Kuiondoa ni kazi ya wiki chache. Tena ikigawanywa vipande vidogo, kila mwenye kipande huona chake hakitoshi kwa malisho. Basi hulima. Mmoja akilima, jirani yake naye hulima. Hivyo ngitili hufa bila mtu yeyote kuamua kuiua.

Kwa hiyo zungumzeni mapema. Afadhali baba na mama waseme wakiwa hai ngitili itakuwa ya nani na itatunzwaje. Andikeni. Neno lililoandikwa halisahauliki, na halibadilishwi na mwenye sauti kubwa.

NGITILI INAVYOTUNZWA

Labda wewe msomaji huishi Usukuma. Lakini una kipande cha ardhi kilichochoka, au kilima chenye visiki. Unaweza kujifunza kutoka kwao.

Kwanza, chagua eneo na uwaonyeshe majirani mipaka. Waite, mtembee pamoja. Tumia alama zinazoonekana, kama mawe, minyaa au miti mikubwa. Jirani aliyeonyeshwa mpaka huulinda pamoja nawe.

Pili, usikimbilie kupanda. Tazama kwanza kilichomo. Kisiki chenye uhai hutoa machipukizi mengi. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine kata. Chakula cha mizizi yote kitakwenda kwenye hayo machache, nayo yatakua upesi kuliko mche mpya. Kisiki kina mizizi mirefu tayari, na mche ndiyo kwanza unaanza.

Tatu, zuia moto. Nyasi ndefu zikikauka, cheche moja inatosha kuteketeza kazi ya miaka. Kabla ya kiangazi kukaza, safisha njia pana kuzunguka ngitili, ibaki udongo mtupu. Wanaorina asali kwa moto wawe na maji karibu, na wahakikishe moto umezimika kabla ya kuondoka.

Nne, fungua kwa sehemu na utoe mifugo mapema. Usingoje mpaka udongo uonekane. Nyasi zilizobaki hufunika ardhi, na mvua ya kwanza ikinyesha hazitaacha udongo uondoke.

Tano, vuna kwa kiasi. Ngitili hutoa kuni, fito, nguzo, nyasi za kuezeka, dawa za miti, mboga za porini, matunda kama ukwaju, na asali. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa kama dola 8 na nusu kwa mwezi. Fedha hizo nyingi hazionekani mfukoni. Zimo katika kuni ambazo hukununua na ng'ombe ambaye hakufa.

NDEGE NA WANYAMA WANAPORUDI

Miti ikirudi, wenye miti nao hurudi. Katika ngitili za Shinyanga zimeonekana aina nyingi sana za ndege, na wanyama kama sungura na fisi. Nyuki hurudi wenyewe wakipata maua na mashimo ya kukaa.

Viumbe hawa wana kazi. Nyuki hutembelea maua, na mimea hupata kuzaa matunda. Ndege wengi hula wadudu. Bundi hula panya. Watu wengi humwogopa bundi na kumpiga mawe. Lakini panya anayekula mtama ghalani ndiye chakula chake. Ukimfukuza bundi, umemfungulia panya mlango.

Ukitaka viumbe hawa wakae, usisafishe ngitili kama uwanja wa nyumba. Acha vichaka kidogo. Acha mti mmoja mmoja mkavu wenye mashimo, kwa sababu ndege na nyuki hukaa humo. Usikate miti ya ukingo wa kijito. Kivuli chake huzuia maji yasikauke upesi, na mizizi yake hushika kingo.

Lakini tuseme kweli. Wageni wengine huleta hasara. Kwelea kwelea hukaa kwenye miti ya miiba, kisha huvamia mtama na mpunga. Fisi huchukua mbuzi na ndama. Kwa hiyo mwenye ngitili aimarishe zizi kwa miiba au miti imara, na mifugo ilale ndani. Kwelea wakionekana kwa makundi makubwa, toeni taarifa mapema kwa ofisa wa kilimo, maana mtu mmoja hawawezi.

Tena usiwatege wala kuwawinda wanyama hao kwa kuwa tu wako katika ardhi yako. Miti ni yako kuitunza, lakini wanyamapori ni mali ya taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda.

BWAWA LA WIGELEKELO

Sasa tumefika Wilaya ya Maswa. Katika wilaya hii kuna kijiji kinachoitwa Wigelekelo. Historia ya kijiji hiki inaonyesha faida nyingine ya ngitili, nayo ni maji.

Wigelekelo kuna bwawa. Bwawa hupata maji kutoka katika ardhi inayolizunguka. Ardhi hiyo ikilimwa na kukanyagwa na mifugo, mvua huleta tope. Tope hujaza bwawa, nalo hubaki na nafasi ndogo ya maji. Wanakijiji wa Wigelekelo walikubaliana kufunga ngitili katika ardhi inayoleta maji. Nyasi na miti vilishika udongo. Maji yaliyopatikana yaliwasaidia watu na mifugo, na yaliwezesha pia kilimo cha umwagiliaji.

Mtu mmoja hawezi kulinda bwawa. Hata akifunga eka zake 5, jirani wa juu akilima mteremko, tope litashuka. Hapa ngitili ya kaya na ngitili ya kijiji zinahitajiana.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Hati hiyo ni karatasi inayothibitisha kwamba ardhi ni yako. Familia inaweza kuandikwa kwa pamoja. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa hiyo mjane na binti wanaweza kuwemo katika hati. Waulizeni Halmashauri ya Kijiji jinsi ya kuipata.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inatambua misitu ya kijiji, ya vikundi na ya watu binafsi. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake na kutunga sheria ndogo za kuulinda. Kabla ya kuchoma mkaa au kuuza magogo, mwone Afisa Misitu, yule ambaye zamani tulimwita Bwana Misitu. Atakueleza ni vibali gani vinahitajika.

Liko jambo moja la haki ambalo sheria peke yake haimalizi. Si kila mtu ana ardhi ya kufunga. Wengine hawana hata eka moja. Kijiji kikiruhusu wenye mifugo mingi kufunga malisho yote, maskini atapeleka wapi mbuzi wake wawili? Vijiji vyenye busara hutenga kwanza ngitili ya wote, na humruhusu asiye na ardhi kuokota kuni na kukata nyasi za kuezeka kwa utaratibu. Ngitili ikimsaidia jirani, jirani hataichoma moto.

Ndugu msomaji, mvua za vuli haziko mbali na kila mwaka hurudi. Ukiwa na kipande cha kufunga, kionyeshe majirani kabla hazijanyesha. Ukiwa umerithi ngitili, itisha kikao, na mmoja wenu ashike kalamu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KIKUNDINI

1. Ngitili hufungwa lini na hufunguliwa lini? Kwa nini?

2. Taja sababu tatu zilizoondoa miti Shinyanga. Ni ipi iliyopo pia kijijini kwenu?

3. Kama wewe ungekuwa mtoto wa kwanza katika kikao chini ya mkwaju, ungetia sahihi? Eleza.

4. Kijijini kwenu, wasio na ardhi wanapata wapi kuni? Mnaweza kuwasaidiaje?

5. Andika masharti matatu ambayo familia yako inaweza kukubaliana juu ya miti yenu. Yasome nyumbani kwa sauti.